Mji uliojengwa kwa fedha ya shura

Ukifika leo karibu na mji mdogo wa Barry, kaunti ya Pike, magharibi mwa jimbo la Illinois nchini Marekani, utaoneshwa uwanja wa nyasi. Kuna njia ya miguu na mabango ya maelezo. Nyumba hakuna. Hapo ndipo ulipokuwa New Philadelphia, mji wa kwanza Marekani kupimwa na kusajiliwa kisheria na mtu mweusi. Septemba 2026 unatimiza miaka 190. Serikali ya Marekani iliuweka chini ya idara yake ya hifadhi za taifa Desemba 2022, na kwa maoni yangu ilichelewa sana.

Mwasisi wake aliitwa Frank. Kwa muda mrefu hakuwa na jina la pili.

Kaunti za mashambani za Marekani katika karne ya 19 zilikuwa na desturi moja. Wachapishaji walipita shamba kwa shamba wakiandikisha wanunuzi wa kitabu ambacho bado hakijachapwa, na ndani ya kitabu hicho familia zikajisoma: babu alitoka wapi, alifika mwaka gani, ana ekari ngapi. Pike ilipata cha kwake mwaka 1880, na Frank ametajwa humo kuwa mlowezi wa kwanza wa tarafa ya Hadley. Lakini historia ya ukoo wake ilikuwa imeshaandikwa kwingine, tena bila mchapishaji. Ilikuwa kwenye hati za mauziano, zenye majina ya mke na watoto na bei ya kila mmoja.

Aliyezikusanya hati hizo pamoja na masimulizi ya wazee ni mwanahistoria Juliet E. K. Walker, kilembwe wa Frank mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1983. Mengi ya hapa nayafuata kwake, na sioni haya kuegemea upande wa mtu anayesimulia kwao.

Frank alizaliwa mtumwa South Carolina mwaka 1777. Mama yake, Juda, alikuwa ametekwa Afrika Magharibi. Baba yake, wasema wazee wa ukoo, alikuwa bwana wao mwenyewe. Mwaka 1795 alihamishiwa kaunti ya Pulaski, Kentucky, na miaka minne baadaye akamwoa Lucy, mtumwa wa shamba la jirani.

Kentucky ile ilikuwa na mapango, na mapango yalikuwa na shura, kiungo kikuu cha baruti. Vita na Waingereza vilipozuka mwaka 1812, bei ya shura ikapaa. Bwana wake alikuwa akimruhusu kuuza nguvu zake kwingine mradi amletee ijara, na kwa saa zilizombakia Frank akaanzisha kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na kuchafua. Udongo wa pangoni huchotwa na kumwagwa kwenye masanduku makubwa ya mbao, kisha hutiwa maji yakachuja polepole. Maji yaliyochuruzika huchanganywa na maji ya majivu, halafu huchemshwa kwenye masufuria ya chuma saa nyingi, kuni zikiteketea, mpaka yakipoa chembe nyeupe ziote. Mtumwa akawa na kiwanda.

Mwaka 1817 alikuwa na dola 800 mkononi. Hakujinunua. Alimnunua Lucy, kwa sababu sheria ilisema mtoto humfuata mama, na Lucy alikuwa mjamzito. Mtoto huyo, Squire, akazaliwa huru. Miaka miwili baadaye Frank akatoa dola 800 nyingine kwa ajili ya nafsi yake. Sensa ya 1820 ikamwandika Free Frank, yaani Frank Huru.

Watoto waliotangulia walibaki utumwani. Mmoja wao, aliyepewa jina la baba yake, alichoka kungoja, na mwaka 1826 akatorokea Kanada. Kwa hesabu ya kawaida jambo lilikuwa limekwisha: kijana yuko ng'ambo ya mpaka, bwana wake hana la kufanya. Lakini mwaka 1829 baba alikwenda kwa mwenye mali akatoa kiwanda chote cha shura kwa kubadilishana na uhuru wa mwana ambaye hata hakuwepo pale. Kile kilichomkomboa mkewe na yeye mwenyewe akakiachia. Mfanyabiashara angemcheka. Ila bila hati ile kijana asingeweza kurudi kulala chini ya paa la wazazi wake pasipo kuwindwa na wakamata watumwa, na mwaka uliofuata wazazi walikuwa wanahama.

Illinois hawakukaribishwa kwa zulia. Sheria ilimtaka mtu mweusi anayeingia awe na hati ya uhuru na dhamana ya dola 1,000, na ng'ambo ya mto Mississippi kulikuwa na Missouri, jimbo la utumwa. Hata hivyo Frank alinunua shamba, akalima, akafuga. Mwaka 1835 akarudi Kentucky kumkomboa mwanawe Solomon kwa dola 550. Mwaka 1836 akampa mpima ardhi ekari 42 akate viwanja 144, akaanza kuviuza kwa weusi na weupe bila kubagua, na fedha ikaendelea kwenda Kentucky. Mwaka 1837 baraza la kutunga sheria la jimbo lilimpa kwa sheria maalumu jina la ukoo, McWorter, apate kumiliki mali na kushtaki mahakamani.

Mji ulikua ukafikia watu wapatao 160 mwaka 1865. Walikuwepo wahunzi na mafundi viatu, na baadaye shule iliyosomesha watoto wa rangi zote.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1869 njia ya kutoka Hannibal kwenda Naples ilijengwa, na ilipokaribia New Philadelphia ikapinda kaskazini, ikauzunguka mji, halafu ikarudi kwenye mwelekeo wake. Ubishi upo hadi leo. Wapo wanaotaja miinuko ya ardhi. Mwanaakiolojia Christopher Fennell aliipima njia ile na kuona ardhi haitoshi kueleza kona hiyo. Analoliona yeye ni ubaguzi wa rangi. Mimi naungana naye. Wafanyabiashara wakafuata stesheni, na mwaka 1885 sehemu kubwa ya mji ikafutwa kisheria, viwanja vikageuzwa mashamba.

Frank hakuyaona hayo. Alifariki 1854, na kaburi lake liko kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria tangu 1988. Katika wosia aliagiza mali yake iwakomboe wajukuu waliobaki Kentucky, na Solomon akaisimamia kazi hiyo. Ukijumlisha na yeye mwenyewe, waliokombolewa ni watu 16, kwa takriban dola 14,000. Wa mwisho alinunuliwa mwaka 1857, mwaka uleule Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia.