Kwa nini tunamwamini mtu wa Nagoya kuliko jirani

Gari likianza kulala gereji siku nyingi kuliko barabarani, mwenye gari hufika mahali akasema basi. Gesketi imeungua mara mbili, gia boksi inaguna, fundi kila wiki ana orodha mpya ya spea. Anaamua auze huo mkweche, aongeze na mkopo kidogo, anunue gari lingine lililotumika ila la kuaminika. Sasa hapo kwenye "la kuaminika" ndipo penye kazi. Utajuaje?

Swali hilo lina historia yake katika sayansi ya uchumi. Mwaka wa masomo wa 1966/67, mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, George Akerlof, aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yaliikataa. Mawili yaliona ni jambo dogo mno. La tatu lilidai kwamba kama aliyosema ni kweli, basi hakuna kitu kingeuzika duniani. Mwaka 1970 ikachapishwa na Quarterly Journal of Economics, kurasa kumi na tatu tu, na mwaka 2001 Akerlof akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Hoja yake tuiweke kwa shilingi. Chukulia kuna IST nzuri yenye thamani ya milioni 12, na IST mbovu yenye thamani ya milioni 6. Kwa nje zinafanana, zimeoshwa, zimepigwa polishi, zinang'aa. Muuzaji anajua ipi ni ipi, wewe hujui. Kwa hiyo utatoa bei ya katikati, tuseme milioni 9. Mwenye gari zuri akisikia milioni 9 anacheka na kuondoka zake, ila mwenye bovu anakukumbatia. Wanunuzi wakishagundua kwamba wanaobaki sokoni ni wa namna hiyo, bei inashuka tena, na wenye magari mazuri kiasi nao wanaondoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akerlof alionyesha soko ambamo kizuri hakijiuzi kabisa: kinarudi nyumbani, na sokoni kinabaki kibaya kinachojitembeza. Wamarekani gari la aina hiyo huliita limau. Sisi tunasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwa maoni yangu usemi wetu ni bora, maana unataja tatizo lenyewe, yaani gunia.

Kwa Tanzania, soko hili halikuwa na nafasi kubwa kwa muda mrefu. Miaka ya mwisho ya 1970 fedha za kigeni zilikauka: bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, kisha ikaja Vita vya Kagera. Kuagiza gari kulihitaji vibali, na Jumapili mchana gari binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali maalumu, ili kubana mafuta. Gari liliponyeka halikubadilishwa, lilifufuliwa. Peugeot 404 na 504, na Land Rover, zilibadilishwa injini na kuchomelewa upya hadi mtu akasahau rangi ya kwanza. Mafundi wa kizazi kile walikuwa wahandisi kweli, hata kama hakuna aliyewapa cheti.

Mlango ulianza kufunguka kwenye bajeti ya 1984, mwenye fedha zake za kigeni aliporuhusiwa kuagiza bidhaa bila kubanwa sana alikozipata. Rais Mwinyi akaingia mwaka uliofuata, na "ruksa" ikawa neno la zama. Baadaye likaja wimbi la magari ya Kijapani.

Kwa nini Japani? Kwanza wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Lakini la kuvutia zaidi ni sheria yao ya usafiri wa magari ya mwaka 1951, iliyoleta ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Hadi 1995, gari lililovuka miaka kumi lilikaguliwa kila mwaka. Ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zake, si pesa ndogo, kwa hiyo Mjapani wengi wetu tunayemfikiria kuwa tajiri anayetupa gari zima kwa kweli anapiga hesabu tu, na kulitunza kunamgharimu kuliko linavyouzika kwake.

Gari hilo linaenda mnadani. Huko mkaguzi, ambaye si muuzaji wala mnunuzi, analizunguka na kujaza karatasi: alama ya jumla, 4 au 3.5 kwa mfano, au herufi R kama liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mchoro wa gari unawekewa alama kila penye mkwaruzo, na kilomita zinaandikwa. Gunia limefunguliwa kabla hujanunua. Ndiyo maana mtu wa Mbagala anatuma pesa zake kwa ajili ya gari la mtu wa Nagoya asiyemjua, huku akikataa la jirani anayemwona kila siku akienda nalo kazini. Tunasema Toyota ni ngumu, na ni kweli, ila naona tunaisifia chuma sifa ambazo nusu yake ni za karatasi.

Karatasi hiyo hufia bandarini. Ikishatua Dar es Salaam, mara nyingi dalali haionyeshi, na kilomita 140,000 zinaweza kuamka asubuhi zikiwa 62,000. Serikali za eneo hili zimejibu kwa kipimo rahisi zaidi, umri: Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyovuka miaka 15, Tanzania inatoza ushuru wa uchakavu. Umri ni rahisi kuupima, lakini hausemi gari lilitunzwaje.

Mtaani nako watu wamebuni kipimo chao, nacho kingemfurahisha Akerlof. "Namba D hiyo," dalali anasema, na bei inapanda. Herufi ya kibati haionyeshi gari lilitengenezwa lini. Inaonyesha lini liliandikishwa hapa, yaani limekula mashimo yetu na mafundi wetu kwa miaka mingapi. Gari la 2003 lenye namba D linaweza kuuzwa ghali kuliko pacha wake wa mwaka huohuo mwenye namba B. Wanaojua zaidi wanatofautisha D za mwanzoni na za mwishoni. Na siku hizi wapo wanaoomba namba ya chasisi kabla hata ya kuuliza bei, wakaitafute mtandaoni ile karatasi ya mnada, waone kilomita zilikuwa ngapi gari lilipouzwa kule.