Kupalia

Neno hili lilinitia adabu. Mwaka 1977 nikifundisha katika chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja wa pwani aliandika katika insha yake kwamba mama aliupalia wali, nao wakangoja. Nikapiga mstari mwekundu. Mimi mtu wa bara nilijua kupalia ni kuondoa magugu shambani, basi.

Kijana hakubisha. Siku ya likizo alinikaribisha kwao. Jikoni nikamwona mama yake akingoja wali ukaukie maji. Akapunguza moto chini ya chungu, akafunika, kisha akapanga makaa ya moto juu ya kifuniko.

"Sasa tumepalia, mwalimu," akasema.

Moto mdogo chini, moto mdogo juu, wali ukaiva taratibu. Mkate wa kumimina nao hupikwa vivyo hivyo.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilikuwa haijatoka, ilitoka 1981. Lakini huo si udhuru, kwani ningeweza kuuliza. Chuo kilipofunguliwa nilimrudishia alama zake mbele ya wenzake.

Leo Tanzania imekusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema; moshi umewaumiza mama zetu macho na vifua. Ila gesi huwaka chini tu. Makaa yakiondoka juu ya kifuniko, neno nalo litaondoka kimyakimya. Basi, ndugu msomaji, muulize bibi yako angali hai, kabla hujashika kalamu nyekundu.