Kitabu cha Senti Kumi



Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nawasimulieni habari za mbacha uliotupwa na karibu taifa zima.

Mjini Cleveland, Marekani, walikuwapo wanafunzi wawili wa shule ya sekondari ya Glenville: Jerry Siegel, mwandishi, na Joe Shuster, mchoraji. Mwaka 1933, wangali shuleni, walitoa gazeti lao dogo la kurudufu. Humo ndimo walimotumia kwanza jina la Superman, na huyo wa kwanza alikuwa mtu mwovu! Baadaye wakamgeuza kuwa shujaa. Wachapishaji wengi walimkataa. Hatimaye, mwaka 1938, waliuza haki zote kwa dola 130, na shujaa wao akatokea katika toleo la kwanza la Action Comics, la mwezi Juni. Bei yake ilikuwa senti 10.

Kitabu hicho kilichapwa kwa maelfu mengi. Leo yakadiriwa kuwa zimebaki nakala kama 100 tu. Nyingine zilikwenda wapi?

Kwanza, karatasi yenyewe ilikuwa duni, ya kugeuka manjano na kukatika kwa joto na mwanga. Pili, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watoto walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, nao wakavitoa vitabu vyao. Tatu, wakubwa waliviona kuwa ni upotofu. Mnamo 1948 vilichomwa moto hadharani katika baadhi ya miji, na mwaka 1954 daktari Fredric Wertham akaandika kwamba vinaharibu vijana. Vilivyosalia vilitupwa na kina mama waliokuwa wakisafisha nyumba.

Lakini huko Colorado alikuwapo mchoraji mmoja, Edgar Church. Yeye alivinunua na kuvipanga chumba cha chini ya nyumba, gizani, katika hali ya hewa kavu. Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alivinunua vitabu hivyo, maelfu kwa maelfu, vingi vikiwa kama vipya. Hapo wakusanyaji wakatambua kuwa thamani ya kitabu hutegemea pia jinsi kilivyotunzwa. Mwaka 2014 nakala moja ya kile cha senti 10 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.

Siegel na Shuster hawakuonja utajiri huo. Mpaka mwaka 1975, baada ya kelele nyingi, ndipo walipokubaliwa malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao.

Nami nina la kukiri. Siku ya mwisho ya kidato cha nne nilifunga sanduku langu, nikaacha chini ya kitanda bwenini rundo zima la gazeti letu la shule, lile la kurudufu lililotuchafua vidole kwa wino. Sijaliona tena. Hakuna atakayelinunua kwa mamilioni, lakini ndani yake mlikuwa na michoro na mashairi ya wenzetu, na baadhi yao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Basi, mwenye nakala hata moja, iliyochanika au nzima, ailete maktaba siku ya mkutano wetu. Nanyi vijana, mnachokiandika leo kitunzeni.