Haikai sailensi: historia ya kabureta, mashine ya boti na mafuta yaliyochakachuliwa

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la sita, na Jumamosi nyingi nilishinda gereji kwa mjomba wangu, Magomeni. Siku moja mvuvi wa Feri alikuja na mashine ya boti imelazwa kwenye guta.

"Fundi, hii haikai sailensi," alisema. "Na nikivuta resi ghafla inasita kwanza, halafu inazima."

Akaeleza ilivyomkuta: alikuwa anarudi na samaki alfajiri, akafika kwenye mlango wa bandari, pale pantoni ya Kigamboni inapokatisha. Meli ya mizigo ilikuwa inaingia. Akavuta resi ili ampishe mkubwa. Mashine ikazima. Vijana wake walipiga kasia hadi mikono ikachubuka.

Mjomba alifungua kabureta, akaiosha, akapuliza vitundu vyake, akabadilisha plagi. Akaisimika mashine kwenye pipa la maji, akatia petroli yake mwenyewe iliyochanganywa oili. Ikanguruma vizuri, ikatulia sailensi kama saa ya ukutani. Kisha akachanganya oili kwenye petroli iliyokuwa kwenye dumu la mvuvi, akatia. Ugonjwa ukarudi palepale.

"Mjomba, leta mkono," akaniambia. Akanidondoshea tone la petroli yake kiganjani, ambayo haijatiwa oili. Nikahisi baridi, na sekunde chache baadaye pakakauka. Kisha akadondosha tone kutoka kwenye dumu la mvuvi, lile alilobakiza bila kuchanganya. Baridi ilikuwa hafifu, na pakabaki utelezi unaonuka taa ya chemli.

"Kaka, umeuziwa mafuta ya taa humu ndani."

Ilinichukua miaka mingi, na kozi mbili za kemia, kuelewa kwamba lile tone lilibeba historia ya zaidi ya miaka 200. Tuifuate.

Koo linalonyonya

Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha kitabu kuhusu mwendo wa vimiminika. Moja ya mambo yaliyotokana na kazi hiyo ni kwamba kimiminika kikienda kasi zaidi, mgandamizo wake hushuka. Mwaka 1797 Mtaliano Giovanni Battista Venturi akaeleza kinachotokea maji yanapopita kwenye bomba lenye sehemu nyembamba: pale kwenye wembamba mwendo unaongezeka, mgandamizo unapungua, na ukitoboa tundu hapo, bomba litanyonya kilichopo nje.

Injini za petroli zilikuwa bado wakati huo. Lakini ukifungua kabureta yoyote pale Gerezani utaliona lile koo jembamba la Venturi. Hewa inapita kwa kasi kwenye koo, mgandamizo unashuka, petroli inanyonywa kutoka kwenye kijitundu kinachoitwa jeti.

Injini za kwanza hazikuwa hivyo. Gari la Karl Benz, alilolipatia hataza Ujerumani mwaka 1886, lilipitisha hewa juu ya mafuta tu, nayo ikabeba mvuke uliokuwa ukijiinukia wenyewe. Mke wake, Bertha Benz, aliposafiri na gari la aina hiyo mwaka 1888, mafuta yalipomwishia aliyanunua duka la dawa mjini Wiesloch. Sheli zilikuwa bado! Tatizo la mtindo ule ni kwamba sehemu nyepesi za mafuta huondoka kwanza, zile nzito zikabaki nyuma. Kadiri unavyoenda, injini inazidi kusita. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1893 Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, walisajili hataza ya kabureta inayopulizia mafuta kwenye hewa kama manyunyu. Wilhelm Maybach wa Ujerumani alifikia wazo hilohilo karibu wakati mmoja nao. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza injini ndogo ya kuning'iniza nyuma ya boti. Hiyo ndiyo bibi yake mashine ya yule mvuvi. Kwa Wajapani, Yamaha walitoa yao ya kwanza mwaka 1960.

Kwa nini kusita kunatokea pale pale

Sasa hapa ndipo penye sayansi tamu. Koo la Venturi linafanya kazi vizuri hewa ikienda kasi. Injini ikiwa sailensi, kile kibati cha mviringo kinachozuia hewa kimefungwa karibu kabisa, na hewa inayopita kooni haina nguvu ya kunyonya kitu. Kwa hiyo watengenezaji waliongeza njia ya pili: kitundu chembamba sana nyuma ya kibati, upande wa injini, ambako mvuto ni mkubwa. Mafuta ya sailensi yanapita humo. Uchafu kidogo tu, au utando wa petroli iliyokaa muda mrefu, unatosha kukiziba. Ndiyo maana injini inaweza kuzima ikiwa sailensi lakini ikakimbia vizuri kwenye resi kubwa.

Kusita ukivuta resi ghafla ni jambo jingine. Kibati kinafunguka mara moja, na hewa ambayo ni nyepesi inaingia papo hapo. Petroli ni nzito kuliko hewa mara mamia, hivyo inachelewa. Juu ya hapo, mvuto ndani ya injini unaanguka ghafla, na sehemu ya mvuke wa petroli inarudi kuwa maji maji kwenye kuta za njia ya kuingilia. Kwa nukta chache silinda inapata hewa nyingi na mafuta kiduchu. Moto unashindwa kushika. Mwenye boti anahisi "inasita".

Kwenye kabureta nyingi za magari, na za boti za kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji (mchezo ulioanzishwa na kijana Ralph Samuelson kwenye ziwa moja huko Minnesota mwaka 1922), dawa ilikuwa kijipampu kinachorusha mafuta ya ziada kila unapofungua resi ghafla. Bila hicho, mtelezaji angezama kabla boti haijachomoka. Mashine nyingi ndogo za boti hazina kijipampu hicho. Zinategemea mafuta yenyewe kuwa mepesi ya kugeuka mvuke.

Na hapo ndipo mafuta ya taa yanapoharibu kila kitu. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi na kumalizikia karibu 200. Mafuta ya taa huanza karibu 150 na kufika 300. Ukiyachanganya, unapunguza ile sehemu nyepesi inayowahi kuwa mvuke. Ni ugonjwa uleule wa gari la Benz, ila sasa mtu ameutia makusudi ili apate faida. Zaidi ya hapo, mafuta ya taa hayavumilii mgandamizo kama petroli, kwa hiyo injini inagonga na kupata joto kupita kiasi.

Neno moja, nchi nzima

Kwa nini mtu achanganye? Kodi. Mafuta ya taa yalikuwa taa ya maskini, na serikali iliyatoza ushuru mdogo: shilingi 52 kwa lita, wakati dizeli ilitozwa shilingi 314. Pengo hilo likawa biashara. Mafuta ya taa yakaishia kwenye dizeli na hata kwenye petroli, na injini zikafa bila wenyewe kujua sababu.

Mwaka 2010 neno "kuchakachua" likawa mdomoni mwa kila mtu Dar es Salaam. Lilianza na mafuta, na uchaguzi mkuu wa Oktoba ulipofika likahamia kwenye kura. Mwaka huohuo EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa soko la ndani. Ni kemikali inayotiwa kidogo sana, haionekani wala hainuki. Mkaguzi akichota sampuli kwenye sheli na kukuta vinasaba vimepungua, anajua mafuta yamechanganywa au yamekwepa kodi.

Mwaka 2011 Bunge likaenda kwenye mzizi: ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa hadi shilingi 400.30 kwa lita, na wa dizeli ukashushwa hadi 215. Faida ya kuchakachua ikayeyuka. Lakini aliyelipia ni nani? Injini ya mvuvi ilipona, na bibi aliyewasha kibatari kijijini akanunua mafuta kwa bei ya mwenye gari. Mtoto aliyesomea kwenye kibatari hicho naye alilipa. Taa za sola zilisambaa baadaye na kupunguza maumivu, ila hazikufika kila nyumba siku moja. Sijawahi kupata jibu rahisi la kama ilikuwa haki. Najua tu kwamba tatizo la kitundu cha sailensi lilitatuliwa kwa gharama iliyoangukia watu wasio na injini kabisa.

Ukikutwa na tatizo leo

Kusita hakumaanishi uchakachuaji kila mara. Maji kwenye tangi, plagi chovu, hewa inayopenyea kwenye gasketi, chujio lililoziba: vyote huleta dalili zinazofanana. Mjomba alikuwa na utaratibu wake, na naona ni wa kisayansi kabisa: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na anza na mafuta. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi ikikauka haiachi doa la mafuta.

Yule mvuvi hakudaiwa pesa ya ufundi siku ile. Alimwaga dumu zima kwenye pipa la oili chafu, akabeba mashine yake, na Jumamosi iliyofuata akatuletea changu wawili.