Soja wa Faili Zako Ana Mipaka

Wasee, kuna ujumbe ulinichezea akili nilipokuwa najifunza kuandika programu. Laptopu iliniambia nafasi kwenye diski imeisha. Nikaangalia: zaidi ya nusu ilikuwa tupu! Nikafuta filamu, nikafuta picha, nikafuta hata mradi wa zamani ambao sikuwa na nakala yake. Ujumbe ukabaki palepale.

Kumbe diski haikuwa na shida. Soja ndiye alikuwa amefika mwisho.

Soja gani? Kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ina kazi ya kuziambia programu, "Hii faili imebadilika." Bila hiyo, programu inazunguka ikikagua faili moja moja kila sekunde chache, na betri yako ndiyo inalipa.

Kwenye Linux, soja wa kwanza aliitwa dnotify. Alikuja na toleo la 2.4 mwaka 2001. Alikuambia kuna kitu kimebadilika kwenye folda, lakini hakutaja faili gani. Tena programu ilibidi iishikilie folda ikiwa wazi, kwa hivyo kama folda iko kwenye flashi, kuitoa salama ilikuwa haiwezekani mpaka soja aondoke.

Mwaka 2005, toleo la 2.6.13 likaleta inotify, kazi ya John McCutchan na Robert Love. Huyu anataja faili yenyewe. Poa sana, lakini analinda folda moja tu. Kila folda iliyo ndani yake inataka soja wake. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa 8192 kwa kila mtumiaji, na mradi mkubwa wa JavaScript unaweza kupita hapo. Ukipita, kerneli inarudisha kosa lilelile la diski kujaa! Hapo ndipo nilipopoteza mradi wangu bure.

Si hayo tu. Folda mpya ikitengenezwa, faili zinaweza kuingia kabla programu haijaweka soja mlangoni. Matukio yakimiminika, foleni inayobeba 16384 kwa kawaida inajaa, na yanayofuata yanatupwa. Faili iliyo kwenye seva ikibadilishwa na mashine nyingine, soja wako hana habari.

Mwaka 2011 fanotify ya Eric Paris ikaanza kutumika kwenye toleo la 2.6.37. Hii ingeweza kulinda diski nzima, hata kumzuia mtu kufungua faili, jambo ambalo programu za kupambana na virusi zililitaka. Lakini mwanzoni ilihitaji mamlaka ya msimamizi, na haikuripoti faili ikitengenezwa au kufutwa. Hayo yalikuja kwenye toleo la 5.1, mwaka 2019.

Kuna wale husema hii ni kazi mbovu. Mimi sikubaliani nao. Kerneli ikihifadhi kila tukio kwa ajili ya programu inayokokota miguu, memori itaisha na mashine yote itakwama. Ndiyo maana inatupa matukio, kisha inakutumia taarifa kwamba foleni ilifurika. Huo ni uaminifu. Hata Windows hupoteza matukio bafa ikijaa.

Lawama yangu iko kwingine. Ya kwanza ni ule ujumbe unaodanganya. Ya pili ni sisi waandishi wa programu tunaopuuza taarifa ya kufurika, halafu mtu anaamini nakala zake ziko salama kumbe faili kadhaa ziliachwa nje.

Kwa hivyo ukiandika programu, foleni ikifurika, kagua folda zote upya. Na ukiambiwa diski imejaa wakati unaona haijajaa, angalia kikomo cha inotify kwanza. Tangu toleo la 5.11, mwaka 2021, kikomo hicho hupangwa kulingana na memori ya mashine, na kinaweza kufika 1048576.

Usifute kitu kabla hujajua nani anasema ukweli. Mimi nilifuta, na ule mradi haujarudi hadi leo.