Nchi ya Kongo na Mto Wake

Katika nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara, hakuna iliyo kubwa kuliko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 2,345,000, nayo hupitiwa na mstari wa Ikweta. Mwenye kutaka kuifahamu historia ya nchi hii hana budi kuanza na ardhi yake na mvua zake.

Umbo la nchi ni mfano wa bakuli. Katikati ni bonde pana la misitu na vinamasi. Pembezoni mna nchi za juu: mashariki milima ya Ruwenzori na ya Virunga, kusini uwanda wa Katanga, na magharibi safu ya vilima inayolitenga bonde na Bahari ya Atlantiki. Maji ya bakuli hili hukusanywa na Mto Kongo, ambao urefu wake wakaribia kilomita 4,700.

Mto huu huukata mstari wa Ikweta mara mbili, na jambo hilo lina faida kubwa. Mvua zikikoma upande wa kusini, kama zikomavyo Katanga tangu Mei hata Septemba, huwa zanyesha upande wa kaskazini. Na kaskazini kukikauka, kusini hunyesha. Basi matawi ya upande mmoja yakipungua, ya upande wa pili hujaa, na mto mkuu haukosi maji mwaka mzima. Kutoka Kisangani hata Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi, vyombo hupita pasipo maporomoko. Lakini chini ya Kinshasa mto huvipasua vilima, ukateremka mita 270 hivi katika mwendo wa kilomita 350, poromoko baada ya poromoko, mpaka Matadi.

Maporomoko hayo yaliwazuia wageni kwa karibu miaka mia nne. Mreno Diogo Cão aliufikia mlango wa mto mwaka 1482, lakini Wareno hawakuweza kupanda na merikebu zao hata bara. Mwaka 1816 Mwingereza Tuckey alijaribu, akashindwa. Yeye na wenzake wengi wakafa. Hata mwaka 1871 Livingstone, akisimama Nyangwe penye kingo za Lualaba, alidhani huenda maji yale ni ya Mto Nili. Fumbo lilifumbuliwa kutoka mashariki. Mwaka 1876 Stanley alifika Nyangwe na wapagazi waliotoka Unguja na bara, akasindikizwa sehemu ya njia na Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Agosti 1877 alitokea Boma, karibu na bahari. Wazungu watatu waliofuatana naye walikuwa wamekufa wote, na Waafrika wengi pia, ambao majina yao hayasomwi sana vitabuni.

Mlango ulipojulikana, haukukawia kuvunjwa. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliitwaa nchi iwe milki yake. Mali ya bara ilipatikana kwa mto, lakini haikuweza kuteremka maporomokoni. Ilibidi ichukuliwe vichwani mwa watu, na wengi walilazimishwa kazi hiyo. Ndipo ikajengwa reli kutoka Matadi, tangu 1890 hata 1898. Walioijenga walikuwa Wakongo, watu wa Afrika Magharibi, hata Wachina. Hesabu rasmi ilitaja wafu 1,800 wasio Wazungu, na Wazungu 132. Reli ilipokwisha, mpira na pembe ziliteremka upesi zaidi, na mateso ya vijijini yakaongezeka pamoja na faida.

Leo maji yale yale huendesha mitambo ya umeme ya Inga, iliyofunguliwa mwaka 1972 na 1982. Hata hivyo Wakongo wengi bado hukaa gizani, ilhali nyaya za umeme huo zimevutwa mbali hata kwenye migodi ya Katanga. Mvua na vilima haviamui nani afaidi na nani ateseke. Huweka njia na vizuizi tu. Mgawanyo wa faida hufanywa na wanadamu, nao ndio wapasao kuulizwa.