Dada Masiti wa Barawa

Tarika ya Kadiria iliyofika Ziwa Tanganyika kwa njia ya Ujiji, ikaingia Usumbura, Bujumbura ya leo, chimbuko lake la karibu ni Barawa, pwani ya Benadiri, Somalia. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa huko 1847, aliipokea Baghdad, akaieneza Unguja zama za Sayyid Barghash, na waliopokea ijaza, yaani idhini ya kuifundisha, kwake wakaibeba bara. Tarehe zetu humtaja yeye, na ni haki yake. Lakini Barawa ile ile ilikuwa na mwanamke aliyeheshimiwa kama walii, na sioni kwa nini asitajwe Asiatique na Buyenzi, mitaa ya Usumbura ambayo Wabelgiji waliigawa, wa kwanza wa Wahindi na Waarabu, wa pili wa Waswahili.

Jina lake Mana Sitti Habib Jamaluddin, wa ukoo wa masharifu. Watu wakamwita Dada Masiti. Husimuliwa kwamba akiwa mdogo alichukuliwa kwa hila hadi Unguja, akaishi huko kiasi cha miaka kumi, mpaka jamaa zake walipompata na kumrudisha. Aliporejea alishika elimu na uradi. Aliacha tenzi. Alizitunga kwa Chimiini, Kiswahili cha Barawa, kwa kuwa wanawake wengi hawakujua Kiarabu, na ndani ya nyumba za mawe za mji huo ndiko dini ilikofundishwa. Sheikh Nurein Ahmad Sabir, mwanachuoni wa Barawa, alipofariki 1909, mwaka ule ule Sheikh Uways alipouawa Biyoley, maombolezo yaliyodumu vinywani mwa watu yalikuwa yake. Alifariki 1919, na kaburi lake likawa mahali pa ziara kila mwaka.

Mji wenyewe umechakaa vibaya. Vita vya Somalia vya 1991 viliwapora Wabarawa na kuwatawanya: Mombasa kwanza, kisha London na Marekani. Al-Shabaab waliushika hadi Oktoba 2014, na katika utawala wao makaburi ya mawalii wa Kisufi yalivunjwa. Maneno hawakuyafikia. Mohamed Kassim, mwanahistoria wa asili ya Barawa, pamoja na Alessandra Vianello na Lidwien Kapteijns, walizichapisha tenzi za mji huo 2018, za Dada Masiti zikiwemo, nyingi zikiwa zimehifadhiwa vifuani na wanawake waliozipokea kwa mama zao.